Chumvi ya Ain Luza

"Hajagusa, jamani, hata ukingo wa mkate hajagusa! Sinia limerudi kama lilivyokwenda."

Ghazala alianza kusema kabla hajaingia ndani vizuri, pumzi juujuu, sinia la shaba kalibana kifuani. Wifi yake Hilwa hakuinuka. Alikuwa amekaa chini kando ya tanuri la udongo, mgongo kauegemeza ukutani, na uchovu wa siku nyingi za kuamka na giza kusaga na kupika ulikuwa umemkalia usoni kama unga.

"Na Agha?" aliuliza.

"Agha kala chake chote. Kisha akawa anakiangalia cha Sheikh Salit, akakiangalia weee, mpaka nikamwonea huruma. Lakini sheikh katoa mfuko wake wa tende, kala tende zake, kanywa maji ya kiriba chake. Akaniambia, 'Binti, mshukuru aliyepika, tumbo langu halijatulia.' Tumbo gani hilo halitulii siku zote hizi?"

"Tumbo lake zima kuliko langu," alisema Hilwa. "Wape watoto wale, kisije kikapoa."

Hayo yalikuwa zamani sana, enzi za masultani wa Stambuli, wakati nchi ya Palestina ilipokuwa na maliwali wa Kituruki waliokaa mijini, na huko milimani kila kijiji kikijilinda chenyewe kwa bunduki za utambi na majambia. Ain Luza kilikuwa kijiji kidogo kwenye mteremko wa mawe: mizeituni, mitini, uwanja wa kupuria ngano, na chemchemi iliyotoka chini ya jabali moja kubwa, maji baridi hata wakati wa kiangazi. Zamani kilijaa watu. Halafu ikaja tauni, zikafuata nzige, kisha vita vya vilemba vyekundu na vilemba vyeupe, vita ambavyo ukimuuliza mtu vilianzaje atakutajia ugomvi wa babu wa babu yake na hata huo hana hakika nao. Wengi walizikwa. Wengine walifunga mizigo wakavuka mto Yordani, wakaenda tambarare za Haurani kuvuna ngano za watu. Nyumba zilizobaki na moshi ungezihesabu kwa vidole, na vidole vingine ukabaki navyo. Nyingine zilikuwa kuta tupu, na mbuzi wakilala ndani yake.

Sasa, upande wa pili wa bonde kulikuwa na Kafr Shabbar, kijiji cha vilemba vyekundu, na mkuu wake alikuwa Sheikh Salit. Alikuwa mtu mpana, hodari wa vita, mwenye joho la manyoya ya ngamia na jambia lenye mpini wa fedha. Huyo alikuwa na watu wengi na maji machache. Akaenda kwa liwali, akasema: Ain Luza kimekufa, hakuna watu pale, nipe mimi ardhi yake na chemchemi yake niilime, na ushuru utaupata. Na sheria ilikuwa hivyo kweli. Kijiji kilichokufa, liwali aliweza kumpa mwingine.

Liwali akamtuma mtu wake aende akaangalie. Huyo ndiye Agha Rustam, mtu wa makamo mwenye masharubu meupe, aliyekuwa ametumwa vijiji vingi mno mwaka ule na hakutaka tena kingine. Alifika na wapanda farasi wake, Salit pamoja naye, wakashukia nyumba ya wageni. Akatazama zile kuta, akatazama mbuzi.

"Mimi naona moshi mchache sana," alisema.

Mkuu wa kijiji, Abu Jabri, alikuwa baba mkwe wake Hilwa, kipofu tangu tauni ile. Ndiye aliyejibu: "Watu wetu wako Haurani, Agha. Mwanangu Nimri kaenda kuwaleta. Wako njiani."

"Kila kijiji nilichokwenda, watu wako njiani," alisema Agha, na wala hakusema kwa ubaya. "Haya. Nitangoja mpaka mwezi uandame. Siku hiyo nitaangalia moshi. Nyumba zikiwa bado tupu, Kafr Shabbar kitalima."

Salit alitabasamu tu. Alikuwa na sababu. Siku ya pili yake, Ghazala alipokwenda chemchemini na mtungi, alikuta vijana wa Salit wameketi juu ya jabali, bunduki mapajani. Maji walimwachia achote, lakini maneno hawakumwachia.

"Unamngoja kaka yako?" mmoja alimuuliza.

"Namngoja."

"Usijisumbue. Mislihi yuko bonde la chini na wenzake, anamngoja kwa hamu kuliko wewe."

Mislihi alikuwa mpwa wa Salit, na bonde la chini lilikuwa njia pekee ya kutoka mtoni kuja Ain Luza. Njia nyembamba, mawe pande zote mbili. Watu ishirini wenye bunduki wangeweza kuzuia jeshi pale, sembuse wazee na watoto na punda.

Ghazala alirudi mtungi nusu, akilia. Hilwa alimsikiliza mpaka mwisho. Mumewe Jabri alikuwa ameuawa katika bonde lilelile, miaka mitatu nyuma, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa kwa kirefu.  Halafu akasema, "Lazima Salit ale."

Hapo ndipo penyewe. Kwa watu wa milima ile, mtu akishakula mkate na chumvi ya nyumba fulani, basi siku tatu na theluthi yeye na watu wake wote hawawezi kuinua silaha juu ya watu wa nyumba ile, popote walipo, hata wakikutana jangwani. Walihesabu kwamba chumvi bado iko tumboni. Aliyevunja hilo hakualikwa tena popote, binti zake hawakuposwa, na hata maadui wa maadui zake walimtemea mate. Salit alilijua hili vizuri kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana alikuja na mfuko wake wa tende.

Basi Hilwa akaanza kupika. Alipika kuku kwa vitunguu na mafuta ya zeituni juu ya mkate wa tanuri, mpaka harufu ikavuka bonde. Agha akala, Salit akatafuna tende. Alipika dengu na wali wa ngano. Alitoa asali ya mwisho na tini kavu. Agha akaanza kunawiri. Salit akaanza kukonda, macho yakamtoka, na kila sinia lilipoingia aligeuza uso akatazama mlangoni kama mtu anayengoja habari. Lakini hakula.

Na ngano iliyokuwa ikisagwa ilikuwa mbegu. Chakula kilikuwa kimekwisha siku nyingi. Mvua za kwanza zilikuwa karibu, na kila sinia lililokwenda nyumba ya wageni lilikuwa kipande cha shamba la mwaka ujao.

"Binti yangu," Abu Jabri alimwambia, mkono wake ukiwa ndani ya gudulia la mbegu, akipapasa kilichobaki, "tunakula mwakani."

"Najua, baba."

"Tumpe hiyo chemchemi, tuondoke. Mimi nimechoka. Kuzika nimechoka, na kungoja nimechoka. Twende tukavune za watu kama wenzetu."

"Na mimi nimechoka, baba. Lakini Nimri anakuja na hajui kuna nini bondeni. Tukiondoka leo, yeye atafika kesho."

Mzee alitoa mkono wake kwenye gudulia, akakung'uta punje zilizomshika vidoleni, moja moja, zikarudi ndani. 

Zilipobaki siku chache mwezi uandame, Salit mwenyewe ndiye aliyeharibu mambo yake. Njaa ilikuwa imemfanya mwepesi wa hasira, na wapelelezi wake walikuwa wamemletea habari njema: Nimri na watu wake ndiyo kwanza wanavuka mto, wazee na watoto, wanakwenda mwendo wa kobe. Akaona kwa nini angoje mwezi. Asubuhi ile Ghazala aliposambaza kahawa, Salit alipokea kikombe, akakiweka chini kwenye mkeka, mbele ya Abu Jabri, hakukinywa.

Watu wote wakakitazama. Mgeni akiweka kikombe chini hivyo, maana yake ana haja, na hatakunywa mpaka mwenye nyumba aitimize. Mwenye nyumba akikataa, aibu inabaki mlangoni kwake mpaka kwa wajukuu.

"Nini hicho?" aliuliza Abu Jabri, aliyesikia kikombe kikigusa mkeka. "Nani kaweka?"

"Mimi, Abu Jabri," alisema Salit. "Nina haja kwako. Nataka chemchemi. Nipe mwenyewe kwa mdomo wako, nami nitawapa wewe na watoto wako ngamia wa kuwafikisha Haurani. Kwa nini mpaka tuandikiane kwa liwali?"

Mzee alifungua mdomo. Ghazala alisema baadaye kwamba aliona kabisa neno "chukua" limeshafika kwenye ncha ya ulimi wake. Lakini Hilwa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mikate, dengu na kuku, shela limeteleza mabegani, na akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiye na nguvu ya kugombana:

"Chukua kikombe chako, sheikh. Hicho ni kikombe cha mgeni."

"Na mimi ni nani?"

"Sijui. Mgeni hula. Wewe umekaa kwetu siku zote hizi na hujala chetu. Mpita njia akiweka kikombe chini, kimeanguka tu hicho."

Agha Rustam alicheka mpaka masharubu yakatikisika. Alikuwa mtu wa mji, lakini miaka yote ile ya kulala katika nyumba za wageni ilikuwa imemfunza desturi za milimani.

"Kakuweza, Salit," alisema. "Kula kwanza, halafu uombe."

"Mkate mmoja tu unamtisha sheikh wa vilemba vyekundu?" Hilwa aliuliza. "Basi nitakukatia nusu."

Wapanda farasi wa Agha wakaangua kicheko. Salit akawa mwekundu mpaka masikioni. Alifikiri, na ungeweza kumwona anavyofikiri: siku tatu na theluthi za chumvi, wazee na watoto mtoni, mwendo wa kobe. Chumvi itakwisha kabla hawajafika bondeni. Na chemchemi itakuwa yake leo. Akanyoosha mkono, akamega mkate, akachovya kwenye mafuta, akachovya kwenye chumvi, akaweka mdomoni.

Na ilikuwaje? Mtu yule alikuwa na njaa ya kweli. Tonge la kwanza likashuka, la pili likafuata lenyewe. Akavuta sinia. Akala mkate wa kwanza, wa pili, akala dengu, akang'oa paja la kuku, mafuta yanamchuruzika kwenye ndevu, hasemi na mtu. Hilwa alisimama akimtazama. Hakufurahi. Alikuwa akihesabu kichwani ni nani anayekimbia kwa kasi zaidi, habari au risasi.

"Sheikh," alisema mwishowe, "hutumi mtu bondeni?"

"Namaliza," alisema Salit, mdomo umejaa. "Wako mtoni bado."

Alipomaliza, akanawa, akataja tena haja yake, na Abu Jabri akamjibu kwa desturi nyingine ya milima ile, kwamba haja ya mgeni hujibiwa siku zake za ugeni zikiisha. Hapo ndipo Salit alipomtuma mpanda farasi ateremke kwa Mislihi akamwambie aweke silaha chini.

Alikuwa amechelewa. Wapelelezi walikuwa wamesema kweli kwamba wazee wale walikwenda polepole. Ambalo hawakulijua ni kwamba walikuwa hawalali. Nimri alijua mwezi unaandama lini. Alikuwa amewatembeza usiku na mchana, anabeba mtoto huyu, anamweka juu ya punda, anambeba mwingine, viatu vimekwisha, miguu kaifunga vitambaa. Wapelelezi waliwaona wakivuka, wakarudi polepole, kila usiku wakilala njiani. Nimri na watu wake hawakulala. Saa ile Salit anavuta sinia, kundi lao lilikuwa linaingia bonde la chini.

Mislihi aliwaacha wafike katikati. Kisha tambi za bunduki zikawaka juu ya majabali, na bonde likanguruma. Punda wa mbele akaanguka na magunia yake. Watu wakajitupa chini. Katikati yao alikuwamo mtu mmoja mrefu mwenye masharubu mekundu, askari mtoro kutoka Bosnia ambaye Kiarabu chake hakikutosha hata kuomba maji. Huyo hakujitupa chini. Aliwasukuma wanawake na watoto nyuma ya jabali kama mtu anayepanga magogo, akajaza bunduki yake taratibu, akampiga mtu wa Mislihi begani. Nimri naye akapanda kwa kombeo na jambia, mawe yakiviringika chini ya miguu yake iliyofungwa vitambaa. Walipigana hivyo kwa muda, kwa moshi na vumbi, bila mtu kuona sawasawa anampiga nani. Mzee Hasibu, mdogo wake Abu Jabri, alikuwa amesimama wima njiani. Magoti yake hayakumruhusu kuchuchumaa haraka. Risasi ilimkuta hapo.

Ndipo yule mpanda farasi alipotokea, akipunga kilemba chake.

"Acheni! Sheikh kala!"

Bunduki zikanyamaza moja moja. Mislihi akainuka nyuma ya jiwe, uso mweusi kwa baruti.

"Kala nini?"

"Mkate."

"Mtupu?"

"Na mafuta na chumvi."

"Chumvi nyingi?"

"Mislihi, mwanangu, chumvi haiulizwi ni nyingi au chache."

"Kala saa ngapi?"

 Mpanda farasi akaangalia chini, pale mzee Hasibu alipolala, na Mislihi naye akaangalia, na wote wawili wakaelewa. Risasi ile ilipotoka, sheikh alikuwa ameshaula mkate.

Mislihi aliteremka, bunduki kaiacha juu. Alisimama mbele ya Nimri, asijue mikono yake aiweke wapi. Halafu akatazama lile kundi lililokuwa likiibuka nyuma ya mawe.

"Hawa ndio watu wa Ain Luza? Huyu mwenye masharubu mekundu ni mjomba wako?"

"Jamaa," alisema Nimri.

"Jamaa wa upande gani?"

"Upande wa waliochoka. Nisaidie kumwinua ami yangu."

Na Mislihi akamsaidia. Walimbeba mzee Hasibu juu ya joho, wawili mbele na wawili nyuma, vilemba vyekundu na vyeupe, mpaka juu.

Ukweli wenyewe Nimri aliusema kwa Hilwa kwa maneno machache, wakati wakipandisha maiti uwanjani. Huko Haurani wengi walikuwa wamekataa kurudi. Walikwisha kuoana na watu wa huko, wengine wamesahau hata njia. Waliokubali walikuwa mzee Hasibu na familia mbili tu. Waliobaki kawaokota njiani: mjane na wanawe ambao kijiji chao kilichomwa, mfinyanzi aliyekimbia Misri, ndugu watatu waliotoroka deni la mwenye shamba, na huyo Mbosnia. Aliwaambia kuna nyumba tupu na maji. Walikuja na magunia ya ngano, ujira wa mavuno, isipokuwa yale ya punda aliyekufa.

"Hata majina yao siyajui yote," alisema Nimri.

"Wape moto kwanza," alisema Hilwa. "Kila mmoja nyumba moja. Wasilale kabla hawajawasha."

Wakawasha. Kuni hawakuwa nazo, wakachoma samadi na matawi ya mizeituni, wengine wakisinzia huku wanapuliza. Abu Jabri aliletwa uwanjani. Akapiga magoti, akampapasa mdogo wake uso, paji, pua, ndevu, akarudia tena. Salit alikuwa amesimama pembeni. 

"Wewe ndiye mwenye kudai damu, Abu Jabri," alisema mwishowe. "Chumvi yako ilikuwa tumboni mwangu. Sema unachotaka."

"Vijana wa kuwapeleka vitani sina," alisema mzee. Mkono haukutoka kwenye uso wa mdogo wake. "Na ningekuwa nao nisingewapeleka. Kikombe chako bado kiko mkekani kwangu."

Salit akaingia nyumba ya wageni. Kahawa ilikuwa imepoa, na nzi mmoja ameanguka ndani. Akakiinua kikombe, akatoka nacho nje mbele ya watu wote, akaimwaga kahawa chini.

"Sina haja," alisema. Akakusanya watu wake, akavuka bonde.

Karne zilizofuata, ukiwauliza watu wa Ain Luza asili yao, wote walikuambia wametoka kwa babu mmoja, na walikutajia jina lake bila kusita. Wengine walikuwa na masharubu mekundu, na hilo halikuwasumbua.

Lakini jioni ile, ingawa mwezi ulikuwa bado haujaandama, Agha Rustam alitoka nje akasimama kutazama, kwa kuwa Salit alikwisha kusema hana haja na hakukuwa na la kungojea. Moshi ulipanda kutoka kila nyumba iliyokuwa na paa, na nyingine zisizokuwa nalo. Alikuwa ameshaamuru farasi watandikwe alfajiri. Akamwita Hilwa.

"Moshi nimeuona," alisema. "Liwali ataniuliza ni watu gani. Yule mrefu, kwa mfano, anayemtukana punda kwa lugha nisiyoijua. Ni ukoo upi?"

Hilwa alimtazama Mbosnia, ambaye jina lake hakuwa amelisikia bado. Alikaa chini, palepale kwenye jiwe, miguu kainyoosha mbele.

"Ana habari ndefu yule, Agha," alisema. "Wote wana habari ndefu. Na mimi leo nina maiti ya kukesha nayo. Kesho, Mungu akipenda, ukae, nikupikie, nikuambie mmoja mmoja."

Agha aliwatazama farasi wake, kisha akamtazama yeye.

"Basi kesho," alisema.